Saa ya Chumba cha Tatu

Duka la shangazi lilikuwa na kompyuta moja na watu watatu wasiokubaliana namna ya kuitumia.

Shangazi alitaka intaneti kwenye mfumo wa uendeshaji wa bure, usioshikwa ovyo na virusi, kwa sababu wateja walikuja na barua pepe zao na flashi zao, na kila flashi iliingia na virusi kama mguu unavyoingia na tope. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Wino kwa vile vidole vyake havikuwahi kutakata, alitaka mfumo wa zamani. Mashine yake kubwa ya kuchapa, ile iliyokaa kona ya nyuma ikinguruma kama mtu anayekoroma, ilielewana na mfumo huo tu. Ukiipa mwingine inanyamaza na kukutazama. Naye mpiga chapa wetu alitaka mfumo mpya wenye herufi nzuri. Huyu tulimwita Cherehani. Vidole vyake vikigusa kibodi, ungedhani jirani anashona pazia.

"Si ununue kompyuta tatu tu, mama," Cherehani alimwambia shangazi.

"Na waume watatu pia?" shangazi akajibu. "Mtoto wa kaka yangu amesomea kompyuta. Atajua la kufanya."

Mtoto huyo ni mimi. Nilikuwa nikiishi kwao tangu nimalize chuo, na chuo chenyewe alinisomesha yeye. Kwa hiyo aliposema nitajua la kufanya, ilinibidi nijue.

Niliwaeleza kwamba diski ni kama nyumba. Ukijenga kuta ndani yake, kila mfumo unapata chumba chake, na ukiwasha kompyuta inakuuliza pale mlangoni: unaingia chumba gani?

"Na choo?" Wino akauliza.

"Choo cha pamoja, baba," akasema Cherehani. "Na zamu ya kusafisha ni yako."

Kazi ilinichukua siku nzima. Mfumo wa zamani nilianza nao, maana una kiburi: ukiingia mwisho unafuta majina ya wenzake mlangoni na kujifanya nyumba ni yake peke yake. Ukafuata mpya. Wa bure, ule mpole, nikauweka mwisho, nao ukawaandika wote kwenye orodha kwa adabu. Chumba cha kwanza nikakiita Uchapaji, cha pili Uandishi, cha tatu Mtandao. Wino alinung'unika kwa nini kompyuta isipochaguliwa chumba inaingia Mtandao na si kwake, na shangazi akamwambia aliyelipa umeme ndiye anayetangulia.

Chumba cha pili nilikitia neno la siri, kwa sababu shule ya jirani ilituletea mitihani yake kuandikwa na kuchapwa, na kazi hiyo ndiyo iliyolisha duka. Neno hilo waliliweka wenyewe na walilijua wawili tu, shangazi na Cherehani. Lakini kuta za diski si za matofali. Mtu aliye kwenye Mtandao akijua pa kubonyeza, anaweza kuchungulia Uandishi bila kuulizwa chochote. Niliwahi kupita huko siku Cherehani alipokuwa mgonjwa, shangazi hayupo, na mteja amesimama kaunta akidai kadi zake za harusi. Wino alikuwa nyuma ya bega langu.

"Kumbe kuna dirisha," alisema akicheka.

Nilimwambia shangazi tulifunge. Akasema kufuli moja katika duka lake linatosha; nikiendelea hivyo, kesho nitamwambia hata yeye mwenye duka abishe hodi kabla ya kuingia.

*

Mwalimu wa mitihani alikuja Alhamisi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, na siku hiyo aliishusha zaidi, hadi tukalazimika kuinama kumsikiliza. Mtihani wa hesabu ulikuwa kwenye simu za wanafunzi. Si maswali ya kukumbukwa na kunong'onezwa. Ni faili lenyewe, na jina la duka letu pale chini ukurasani.

"Sitaki kelele," alisema. "Nataka mtu. Mkinipa mtu hadi Jumatatu, mkuu wa shule atamalizana naye na ninyi mtaendelea na kazi yenu. Msiponipa, polisi watachagua wenyewe."

Alipotoka, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kisha wote wakanitazama mimi.

"Si ulisema kompyuta haisahau?" shangazi akaniuliza. "Haya, iulize."

Nikaiuliza. Chumba cha pili kilikuwa safi. Cherehani alifungua mtihani na kuufunga katika saa zake za kazi. Katika chumba cha tatu, mahali ambapo mtihani haukupaswa kukanyaga kabisa, nikakuta alama. Faili lilifunguliwa kupitia lile dirisha, likanakiliwa kwenye flashi. Jumanne, saa saba mchana na dakika chache.

Nilisoma kwa sauti kabla ya kufikiri. Huo ndio ubaya wa kusoma kwa sauti.

Saa saba mchana, shangazi na mumewe huenda nyumbani kula. Jumanne mimi nilikuwa ofisi moja upande wa pili wa mji nikiwatengenezea printa. Dukani huwa anabaki mtu mmoja.

"Mimi?" Cherehani akasema. Alijigusa kifuani kana kwamba yupo mwingine wa kugusa. "Saa saba nilikuwa naandika barua za wakili. Wakili mwenyewe alizichukua saa nane. Mtandao sikuugusa, hata bando lilikuwa limeisha!"

"Kunakili kwenye flashi hakuhitaji bando," shangazi akasema.

"Mama, mimi neno la siri ninalo. Nina ufunguo wa mlango wa mbele. Nipite dirishani kwa nini?"

"Ili tuseme hivyo unavyosema sasa."

Nilitamani Cherehani awe na jibu. Wino alikuwa kule nyuma akiifuta mashine kwa kitambaa. Aliifuta mahali palepale muda mrefu.

*

Shaka ikishaingia ndani ya duka haikai kona moja. Kesho yake shangazi alibadilisha kitasa cha mlango. Wino akaanza kuzima skrini kila aliposikia hatua, hata zikiwa zangu. Mteja akiagiza nakala kumi, shangazi alizihesabu mara mbili, na macho yake hayakuwa kwenye karatasi. Cherehani aliendelea kuja kazini kwa sababu asiyekuja amekiri. Aliandika polepole, kidole kimoja kimoja, na duka likawa kimya kama nyumba yenye mgonjwa.

Nami nikaanza kuona mambo. Viatu vya Cherehani vilikuwa vipya. Vilikuwa vipya tangu lini? Simu yake ikilia alitoka nje kuipokea. Zamani pia alitoka nje, kwa sababu mashine ya Wino ina kelele, lakini sasa kila anapotoka nilimfuata kwa macho hadi mlangoni. Mtu tuliyekuwa tukila sahani moja! Alinichagulia vipande vizuri akidhani sioni. Nilijiambia kwamba watu wema ndio hasa wanaofaa kwa wizi, kwa kuwa hakuna anayewatazama. Wazo hilo lilinijia lenyewe, na nikalikaribisha.

Jumamosi baada ya chakula, shangazi akaniomba nimwandalie ushahidi vizuri, usomeke, wa kumpa mwalimu. Cherehani alikuwa ameondoka mapema. Nikafungua Mtandao. Bando lilikuwa limeisha tena, ila sikulihitaji. Nilikuwa nikinakili ile alama ya Jumanne nilipoinua macho na kuona saa ya ukutani inasema saa nane. Saa ya skrini ilisema saa kumi na moja.

Nikadhani saa ya ukutani imekufa betri. Nikatazama simu. Saa nane.

Nilizima, nikawasha, nikaingia Uandishi. Saa nane. Nikazima tena, nikaingia Mtandao. Saa kumi na moja na dakika zake.

Jambo hili tulifundishwa chuoni, kwa dakika tano, na mwalimu alikuwa na haraka. Ndani ya kompyuta mna saa moja ndogo tu, na kila mfumo unaisoma kwa desturi yake. Vyumba viwili vya kwanza vinaamini kwamba saa hiyo ni ya hapa tulipo. Cha tatu kinaamini ni saa ya dunia, kwa hiyo kinaongeza masaa matatu ili kuifikisha kwetu. Kikiwa na intaneti kinauliza huko nje na kujisahihisha, wala hakuna anayegundua. Kikikosa, kinabaki kimekimbia mbele.

Jumanne bando lilikuwa limeisha. Cherehani mwenyewe alisema, na shangazi alilinunua jioni akilalamika.

Basi mtihani haukuibwa saa saba. Uliibwa saa nne asubuhi. Na Jumanne saa nne Cherehani hakuwa dukani. Alikuwa shuleni na rasimu mkononi, ametumwa na shangazi, akisubiri mwalimu wa mitihani aweke masahihisho. Shangazi alikuwa kwenye foleni ya benki. Mimi nilikuwa mbali. Dukani alikuwapo...

Niliziba mdomo, ingawa sikuwa nimesema kitu.

Kutoka kona ya nyuma mashine ilikuwa ikinguruma, na Wino alikuwa akiimba chini chini kuifuata, kama afanyavyo siku zote. Siku niliyokwenda chuo alinibebea sanduku begani hadi kituoni, akakataa nimsaidie, akasema mkono wa msomi usishike mzigo. Maishani mwake hajawahi kunipandishia sauti. Na lile dirisha nilimwonyesha yeye peke yake.

*

Shangazi alikuwa nyumbani, jikoni, akichambua maharage. Nilikaa kwenye kigoda, nikamweleza kuhusu saa. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikachora kwa kidole mezani. Nilitegemea aniulize kama aulizavyo siku zote: sasa hiyo maana yake nini, mwanangu, sema kwa lugha ya watu.

Hakuuliza maana yake. Aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

Mikono yake haikusimama. Kibovu huku, kizima kule. Ndipo nilipoelewa kwamba sikumpelekea habari. Nilimpelekea tatizo.

"Shangazi, ulijua?"

"Nilijua nini? Mimi sikusomea saa." Akapuliza maganda. "Alhamisi usiku hakulala. Mume wangu akikosa usingizi, najua ana kitu. Nikamwacha. Kuna maswali mwanamke mwenye akili hamuulizi mumewe, maana akijibiwa itambidi afanye jambo."

"Lakini Cherehani..."

"Cherehani ni kijana. Ana vidole vile, atapata kazi kabla jua halijazama. Yule babu nani atamchukua? Yeye na mashine yake ile?" Sasa aliniangalia. "Mtoto wa marehemu kaka yake yuko shule ile. Ameshafeli mara mbili. Alimwonea huruma, basi. Alimpa yeye mmoja, yule mpumbavu akawarushia wenzake. Si wizi ule, ni ujinga."

"Kwa hiyo amekwambia."

"Nimekisia," alisema haraka mno. Kisha, kwa sauti ya upole kuliko zote alizowahi kunisemesha: "Saa ni saa tu, mwanangu. Iache ikimbie. Wewe umekula hapa, umelala hapa, umesomea hapa. Sikukumbushi. Nasema tu."

Aliposema hakumbushi, nilikumbuka yote.

Jumapili nilikaa chumbani. Nilijaribu kumwona Wino kama mwizi, nikashindwa. Nikajaribu kumwona Cherehani kama mtu wa kupita tu, kama alivyosema shangazi, na mchana karibu nifaulu. Hilo ndilo lililonitisha. Nikaona kwamba nikikubali hilo moja, nitajifunza kukubali mengine, na mwisho nitakuwa mtu anayechambua watu kama maharage.

*

Jumatatu mwalimu alikuja kabla hatujafagia. Cherehani alikuwa amekaa pembeni, mkoba mapajani, kama mgeni. Wino alikuwa kwenye mashine yake. Shangazi alisimama kaunta, na karatasi niliyomwandalia ilikuwa mbele yake.

"Mmenipatia mtu?" mwalimu akauliza.

"Tumempata," shangazi akasema, akaisukuma karatasi.

Mimi siwezi kusema mbele za watu. Darasani nilikuwa nikijua jibu na kuliacha lipite. Nilipofungua mdomo pale, ilitoka sauti ya mtoto.

"Naomba... naomba niwashe kompyuta kwanza."

"Ya nini?" shangazi akasema. "Mwalimu ana haraka."

"Sina haraka," mwalimu akasema.

Nikachomoa waya wa intaneti, wakauona mkononi mwangu. Nikawasha, nikaingia Uandishi, nikamwomba mwalimu asome saa ya skrini, kisha ya mkononi mwake. Zilikuwa sawa. Nikazima. Hakuna kitu kinachochukua muda mrefu kama kompyuta kuwaka mbele ya watu walionyamaza. Orodha ikaja, vyumba vitatu. Nikaingia Mtandao.

"Soma tena, mwalimu."

Akasoma. Akatikisa mkono wake, akasoma saa yake, akarudi kwenye skrini. "Hii imeruka."

"Inaruka kila ikikosa intaneti. Masaa matatu mbele. Jumanne haikuwa na intaneti." Nikaigusa ile karatasi kwa kidole. "Palipoandikwa saa saba, ilikuwa saa nne."

Mwalimu alihesabu kwa vidole. Kisha akageuka kumtazama Cherehani, na uso wake ukabadilika.

"Jumanne saa nne? Lakini saa nne huyu alikuwa mezani kwangu! Si ndiye niliyempa kile kiti kibovu, nikamwambia ashike meza asije akaanguka?"

"Nilishika meza," Cherehani akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti yake ilikuwa kavu. "Nikaanguka hivyo hivyo."

"Basi saa nne hapa dukani alikuwa nani?"

Swali hilo nililiacha palepale, katikati ya sakafu. Nilitazama vidole vyangu.

"Mimi," shangazi akasema.

Alisema bila kupepesa. Risiti ya benki ya Jumanne ilikuwa imebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake na mhuri wake wa asubuhi, lakini hakuna aliyekuwa akitazama ukuta ila mimi. Nikajua kwamba atashikilia neno hilo mbele ya mkuu wa shule na mbele ya polisi, na kwamba kama ningefichua uongo huu pia, ningekuwa nimemsaliti mara mbili, na kama nisingesema, mtu mwingine asiye na hatia angeondoka pale. Nilikuwa nimetoa mmoja shimoni nikamtumbukiza mwingine.

Mashine ikanyamaza. Wino alikuwa ameizima. Alikuja mbele taratibu akijifuta mikono, ingawa kufuta hakukuwahi kuisaidia mikono ile.

"Mama watoto, kaa chini," alisema. "Tangu lini wewe unajua kuingia dirishani? Kubonyeza kile kitufe cha kuwashia tu hadi uitiwe mtu."

"Nyamaza wewe!"

"Nimenyamaza siku nne. Inatosha." Akamgeukia mwalimu. "Flashi ilikuwa yangu. Nilimpa binti wa marehemu kaka yangu. Nilidhani nampa mtoto mmoja nafasi moja." Kisha akamtazama Cherehani. Akarudi kuvaa koti lake ili aende na mwalimu.

Aliponipita hakunitazama kwa hasira. Ningependelea hasira.

*

Cherehani alikusanya vitu vyake: kikombe, mto wa kiti, chaja. Shangazi alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mgongo kwetu. Nilimfuata Cherehani hadi nje, kwenye kivuli cha kibao cha duka.

"Utarudi?"

"Nirudi wapi, dada? Hapo?" Alirekebisha mto kwapani. "Umenitoa, asante. Sikudhani una sauti. Lakini nikuulize. Ijumaa nilipoinuka kwenda kunawa, ulihesabu flashi zilizokuwa mezani. Nilikuona kwenye kioo cha mlango."

Ningeweza kusema nilikuwa nazipanga tu.

"Nilihesabu," nikasema.

"Zilitimia?"

"Zilitimia."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji sahihi dukani. "Basi," alisema, akavuka barabara na viatu vyake vipya, akichagua pasipo na tope.

Niliporudi ndani, mwanamume mmoja alikuwa amesimama kaunta na karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Alikuwa akimsemesha mgongo wa shangazi.

"Mama, nauliza, hapa siku hizi nani anaandika?"

Shangazi hakugeuka.

"Muulize huyo aliyeingia," akasema. "Yeye ndiye anayejua kila kitu."

Mwanamume alinigeukia akitabasamu, hakujua lolote. Nikapokea karatasi zake kwa mikono miwili, nikavuta kiti cha Cherehani. Kilikuwa kimepandishwa juu kwa urefu wake, miguu yangu ikaning'inia bila kufika chini, na nikaanza kuandika hivyo hivyo.